Hoteli ya Langoni: wali ungali mweupe, nazi imetoka

Samaki wa kupaka aliyeagizwa saa saba na dakika kumi alifika mezani saa saba na dakika ishirini na mbili. Dakika kumi na mbili hazitoshi. Changu wa kilo kasorobo anataka dakika nane hadi kumi kila upande juu ya makaa, kisha apakwe, ageuzwe, apakwe tena. Hata jiko likiwa limeshakolea, hiyo ni nusu saa na ushei. Zamani hoteli hii ilikuwa ikiwaambia wateja waziwazi kwamba samaki ni dakika arubaini, kula bajia kwanza. Siku hizi haambiwi mtu asubiri, na wengine huenda wakaona huduma imekuwa nzuri.

Ni hoteli ndogo ya ndani Langoni, Lamu, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji: meza saba, viti vya plastiki, mahamri asubuhi na wali mchana. Jina tunaliacha. Si hoteli moja tu mjini yenye ugonjwa huu, na mwenye kuzijua dalili ataitambua yake. Kwa miaka mingi palikuwa mahali pa kumpeleka mgeni anayetaka chakula cha nyumbani na hana nyumba ya kumwalika. Tulirudi mara nne kati ya Desemba na Februari: mchana mara mbili, usiku mmoja na asubuhi moja. Msimu ulichaguliwa makusudi. Hiyo ni kaskazi, mashua ndogo zinatoka na kurudi, na soko la nyuma ya Ngome halikosi samaki wa siku hiyohiyo. Mwezi wa Julai, kusi ikivuma, anayeuza samaki wa friza husamehewa. Januari hana udhuru.

Hukumu yenyewe ni fupi. Kila kinachopikwa kwa nazi kimeshuka, na kisichotiwa nazi kiko palepale au karibu na palepale. Mpishi ni yuleyule na mkono wake haujasahau. Ila jikoni nazi haikunwi tena. Hufunguliwa boksi la tui.

Chukua wali. Kilo moja ya mchele inataka nazi mbili kubwa zilizokomaa. Zinakunwa kwenye mbuzi, zinakamuliwa kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi kikombe kimoja na nusu, na tui hilo la kwanza, kasimile, linawekwa kando. Machicha yanarudiwa mara ya pili na ya tatu kwa maji mengi zaidi kupata tui jepesi, kama lita moja na robo. Tui jepesi na chumvi ndivyo vinavyotangulia jikoni; likichemka, mchele ulioroweka nusu saa unaingia. Maji yakikaribia kukauka, kasimile inamiminwa juu, wali unageuzwa mara moja kwa mwiko, unafunikwa, moto wa chini unapunguzwa na makaa yanapaliwa juu ya kifuniko. Robo saa hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya wali uitwe wa nazi. Kasimile inaachia mafuta, mafuta yanashuka, na punje za chini zinakaangika polepole mpaka zinashika ukoko wa rangi ya asali.

Hoteli hii ilikuwa na sifa ya ukoko. Aliyefika kabla ya saa saba na kuuliza kwa adabu aliletewa kipande kwenye kisahani, bure, na mchuzi kidogo juu yake. Safari hii kijana wa mezani alipoulizwa alicheka: "Ukoko hatuna siku hizi, ami. Sufuria haishiki."

Amesema kweli, na sababu za kutoshika ni mbili. Ya kwanza ni kwamba wali sasa unachemshwa kwa maji matupu na tui la boksi linatiwa mwishoni, kiasi cha kuupa rangi na harufu. Tui la boksi aghalabu limetiwa gundi ya kulizuia lisijitenge likiwa dukani, na gundi hiyohiyo inalizuia lisijitenge hata kwenye sufuria. Haliachii mafuta, na pasipo mafuta hakuna cha kukaanga punje za chini. Ya pili ni moto. Jiko la gesi linapiga katikati ya sufuria na pembeni hakufiki kitu, kwa hiyo mpishi anayeogopa kuunguza huuacha wali na maji kidogo. Ndiyo maana wali wetu ulikuwa mweupe na mzuri wa kutazama, lakini ukibonyezwa kwa kidole unagandamana, na punje ikivunjwa katikati haina ladha ya kitu chochote. Utamu ulikuwa umebaki nje kama poda. Wali wa nazi ukipikwa sawasawa, vidole hung'aa baada ya tonge la tatu. Hapa vilibaki vikavu mpaka mwisho wa sahani.

Sasa samaki, ambako mambo ni mabaya zaidi kwa kuwa makosa yamepandana. Mchuzi wa kupaka wa samaki mmoja wa watu wawili unahitaji kasimile ya nazi moja kubwa, kikombe kimoja au zaidi kidogo. Vijiko viwili vya ukwaju mzito uliochujwa. Nusu kijiko cha manjano. Thomu na tangawizi za kutwanga. Pilipili mbuzi moja, nzima au ya kupasua, kwa kadiri ya ulimi wa mtu. Unapikwa moto wa wastani huku ukiinuliwa kwa upawa na kurudishwa, bila kuachwa utokote ovyo, maana tui halisi likiachwa hukatika. Baada ya dakika kumi hadi kumi na tano unakuwa mzito wa kushika mgongo wa upawa, na pembeni ya sufuria kunatokea duara jembamba la mafuta ya njano. Duara hilo ndilo ruhusa ya kuanza kupaka. Samaki mwenyewe ametojwa mikato mitatu kila ubavu, amelala kwenye ndimu, chumvi, thomu na pilipili, na ameokwa karibu kuiva. Kila akipakwa na kugeuzwa juu ya makaa, mafuta yanadondoka, moshi unapanda, na mchuzi unakauka juu yake ukawa ngozi ya pili. Mara tatu kila upande ndiyo kawaida. Anayefanya mara moja amemwagia tu.

Aliyeletwa mezani alikuwa amemwagiwa. Mchuzi ulimkalia mgongoni kama rangi ya ukuta, na uliposukumwa kwa uma uliondoka wote kwa pamoja, ngozi ya chini yake ikabaki safi. Hakuwa na alama hata moja ya wavu. Mkia ulikuwa umepinda kwenda juu, na hiyo ni alama ya karai: samaki mzima akikaangwa huchukua umbo la chombo. Ngozi yake ilikuwa ngumu sawasawa pande zote, na kwenye uti wa mgongo nyama ilikuwa imechakaa, inakatika vipande vidogo vyenye majimaji.

Nyama ya namna hiyo ni ya friza. Friza la duka lililojaa mpaka juu hugandisha polepole, na barafu inayojengeka polepole huwa na chembe kubwa zinazotoboa nyama. Samaki huyo akiyeyushwa maji yote hutoka, na akiwekwa juu ya wavu anameguka na kuanguka kwenye makaa. Mpishi hana budi amkaange kwanza ili ashikane. Akishakaangwa, ngozi imejifunga, haipokei tena mchuzi. Na kwa kuwa amekaangwa asubuhi pamoja na wenzake kumi, kinachobaki saa saba mchana ni kumtia moto na kummwagia. Dakika kumi na mbili ndipo zilipopatikana.

Ukwaju ulikuwepo, na ulikuwa mzuri. Inasikitisha kuuonja ukiwa peke yake namna ile.

Usiku tuliagiza samaki huyohuyo ili tusije tukamdhulumu mtu kwa siku moja mbaya. Mchuzi ulikuja vuguvugu, na ukitazamwa chini ya taa ulikuwa na chembe nyeupe ndogondogo kama semolina. Si unga wala nazi iliyopita kwenye chujio. Ni mafuta ya nazi yaliyoganda. Mafuta hayo huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Lamu ya Januari haina pembe yenye baridi hiyo isipokuwa ndani ya friji. Kwa hiyo mchuzi ulipikwa, ukawekwa friji, ukatolewa, na haukupashwa moto mpaka ndani. Kula mchuzi wa nazi wa jana si dhambi. Majumbani tunakula, na wengine wanaupenda zaidi. Lakini unachemshwa upya mpaka utokote, kwa ajili ya ladha na kwa ajili ya tumbo. Chakula cha nazi huchacha upesi kuliko vingi vingine jikoni, na kikipashwa nusunusu ndicho kinachomweka mtu macho usiku.

Asubuhi tulijaribu mahamri na mbaazi. Mahamri ya kilo moja ya unga, yenye robo kilo ya sukari, kijiko cha mezani cha hamira, iliki punje kumi zilizotwangwa na tui kama vikombe viwili, hukaa laini mpaka adhuhuri kwa sababu ya mafuta ya tui. Haya yalifura vizuri, mafuta ya kukaangia yalikuwa moto sawasawa, iliki ilisikika. Lakini baada ya robo saa yalianza kukauka na kuvutika kama mpira. Unga ulikandwa kwa maji. Mbaazi zilikuwa na kosa la pili juu ya lile la tui: zimetiwa magadi ya kuziivisha haraka. Dalili ni maganda yaliyobanduka na kuelea, na ladha ya sabuni nyuma ya ulimi. Mbaazi zilizolala kwenye maji usiku kucha huiva kwa saa moja na kidogo bila magadi yoyote. Anayeyatia alisahau kuziroweka jana.

Sasa upande wa pili, maana pasingekuwa na upande wa pili tusingehangaika kurudi mara nne.

Biriani ya Ijumaa haina nazi, na biriani ya hapa bado ni ya kumsimamisha mtu. Vitunguu vimekaangwa mpaka rangi ya kahawia ya kweli, si vile vya kulegea kwa mvuke. Karibu kilo ya vitunguu kwa kilo ya nyama ndiyo kadiri yake, na hapa haikubaniwa. Nyama ya mbuzi ililala kwenye mtindi na papai bichi, ikaachia mfupa bila kusagika. Masala yalikuwa mazito kwa vitunguu na mtindi wenyewe. Hoteli nyingi hufika hapo kwa mkebe wa nyanya, na ulimi hujua kwa uchachu. Rangi ya wali ni ya duka, zafarani hakuna, lakini kwa shilingi 500 anayedai zafarani anatafuta ugomvi.

Mishkaki ya jioni pia haijaguswa. Jiko la makaa lililobaki ni moja tu, na ni la mishkaki. Makaa yenyewe ni hadithi ndefu: serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu Februari 2018, bei ya makaa ikapanda, na wenye hoteli wengi wakahamia gesi, ambayo huku huvushwa kwa mashua kutoka Mokowe, upande wa bara, kama kila kitu kingine. Zuio likatangazwa kuondolewa Julai 2023, ila jikoni mtu akishazoea kugeuza kitufe hawezi kurudi kupuliza. Tunalielewa hilo. Gesi peke yake isingeua wali. Nyumba nyingi za hapa zinapika wali wa nazi kwa gesi, wakishusha moto mpaka mwisho na kuweka bati chini ya sufuria, na ukoko unashika.

Kwa hiyo tunarudi kwenye nazi. Hoteli ya ukubwa huu inapika kama kilo kumi za mchele kwa siku. Hizo ni nazi ishirini. Ongeza nane za kupaka na nne za mbaazi na mahamri: thelathini na mbili. Mkunaji mwepesi humaliza nazi moja kwa dakika nne au tano, kuivunja na kuikamua mbali. Ni kazi ya mtu mmoja tangu alfajiri mpaka saa nne, kila siku, na mtu huyo analipwa. Hesabu ya mwenye hoteli inaonekana bila kuulizwa. Kinachoshangaza ni kwamba kuna njia ya tatu kati ya mbuzi na boksi, nayo ni mashine ya umeme ya kukunia nazi, ile ya mota ndogo yenye kichwa cha meno. Inamaliza nazi thelathini kwa muda ambao mkunaji anamaliza sita au saba. Nazi zenyewe hazijakosekana. Minazi iko nyuma ya mji, na punda hupita nazo mlangoni mwa hoteli hiyohiyo. Tukaambiwa mashine inapiga kelele. Friza nalo linapiga kelele.

Friza limekuja na orodha mpya. Zamani kulikuwa na ubao wa vyakula saba, vinne vikiwa na nazi, na vikiisha vimeisha. Sasa kuna karatasi iliyopigwa plastiki yenye vyakula zaidi ya arubaini, ndani yake piza, tambi za kamba, baga na "samaki kwa mtindo wa Kiswahili", jina la kumwambia Mwamu, mwenyeji wa Lamu, kwamba hakuandikiwa yeye. Wapishi ni wawili, mafiga ya gesi ni manne. Vyakula arubaini kwa mafiga manne havipikwi, vinapashwa. Tambi hatukuonja na hatuna hamu.

Bei imepanda, na bei si lawama yetu. Wali na samaki wa kupaka ulikuwa shilingi 650, sasa ni 1,000. Mahamri yametoka 10 hadi 20. Unga, mafuta na gesi vimepanda kwa kila mtu, na samaki halisi aliyepakwa halisi kwa shilingi 1,000 angekuwa rahisi. Shida ni kulipa pesa ya kasimile ukapewa boksi. Juisi ya ukwaju, kwa kumbukumbu, bado ni ya ukwaju wa kuroweka, haijageuka poda, ila barafu imeongezwa mpaka nusu ya glasi. Omba isiyo na barafu, utapewa bila kinyongo. Vijana wa mezani ni wazuri kama zamani. Risiti tu itazame, maana mara mbili kati ya nne chai zilihesabiwa zaidi ya zilizonywewa, na mara zote mbili pesa zilirudishwa papo hapo.

Anayetaka samaki wa kupaka hapa na hataki kukata tamaa, kuna njia, nayo tuliijaribu ziara ya mwisho. Nunua samaki mwenyewe sokoni asubuhi: jicho lililojaa na kung'aa, shavu jekundu la ndani likifunuliwa, nyama inayorudi ikibonyezwa. Changu au tewa wa kilo moja anatosha watu wawili. Nunua na nazi mbili. Peleka vyote kabla ya saa nne, mwambie mpishi mwenyewe, si kijana wa mezani, kwamba unataka wa makaa na utarudi saa nane, wakati jiko la mishkaki liko tupu. Alitoza shilingi 400 za kupika. Nazi alizipokea akazitazama kidogo, akamwita mtoto wa jikoni, na mbuzi ikatolewa chini ya meza ya kuoshea vyombo, meno yamefanya kutu, ikasuguliwa kwa mchanga na ndimu. Samaki aliyetoka hapo alikuwa yule wa zamani, na mafuta ya njano yalimzunguka kwenye sinia. Wali ulikuwa uleule wa boksi, kwa hiyo agiza mkate wa mofa badala yake.

Ijumaa nenda kwa biriani, ufike kabla ya watu kutoka msikitini. Jioni nyingine zote kaa kwenye mishkaki, kachumbari na ukwaju. Mishkaki huwekwa motoni baada ya magharibi, na kufika saa mbili na nusu usiku kinachobaki ni vijiti vya maini.